Ndege Moja, Wenyewe Ishirini

MTAZAMO WA MWACHOFI
Na Rashid Mwachofi

Kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, hakosekani mtahiniwa wa kuwaambia wanahabari kwamba anataka kuwa rubani. Wazazi hushangilia. Jioni, kamera zikishaondoka, baba huanza kuhesabu ng'ombe na ekari. Wengi huishia hapo, nami siwalaumu. Nadhani tu kwamba hesabu yenyewe huanzia pabaya.

Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi. Kanuni za kimataifa, ambazo Kenya inazifuata, humtaka mwanafunzi awe ametimiza miaka 17, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, na aruke saa zisizopungua 40, 10 kati ya hizo akiwa peke yake. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, ila ndiyo hatua ya kuelekea ile ya biashara. Basi cha kujua ni gharama ya saa moja angani.

Watu hutaja mafuta kwanza. Cessna 172, ndege ya injini moja iliyofundishia marubani dunia nzima tangu miaka ya 1950, hunywa lita thelathini na kitu kwa saa, tena petroli maalumu iliyo ghali kuliko ya gari. Hapo hakuna ujanja. Kinachopungua ni gharama ya ndege ikiwa imelala: bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka. Tuseme hayo yanakula shilingi milioni moja kwa mwaka. Ndege ikiruka saa 50, kila saa inabeba 20,000 hata kabla ya tone la mafuta. Ikiruka saa 400, ni 2,500. Matengenezo yataongezeka kwa kuwa inatumika zaidi, lakini tofauti haifutiki. Hapo ndipo klabu inaposhinda: watu ishirini wanaomiliki ndege moja hawaiachi ilale.

Mkenya hahitaji kufundishwa jambo hili. Chama cha wanawake sokoni kimenunua viti, mahema na hata matatu kwa mtindo huo huo.

Wala si jambo jipya hapa kwetu. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927, na ingali katika Uwanja wa Ndege wa Wilson. Kiwanja chenyewe kina jina la Florence Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 kwa ndege moja ndogo ya Gipsy Moth. Waanzilishi hao walikuwa walowezi, na sura ya anasa imeuganda mchezo huu hadi leo. Utaratibu wao ni mzuri. Kosa ni kudhani ni wa watu wa Lang'ata peke yao.

Tena Wilson si mahali rahisi pa kujifunzia. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege ndogo yenye watu wawili na tangi lililojaa hupanda kwa shida jua likiwa kali. Halafu kuna foleni ya ndege za watalii zinazokwenda Maasai Mara. Mita ya malipo mara nyingi huhesabu tangu injini inapowashwa, kwa hiyo mwanafunzi hulipia kusubiri. Malindi na Ukunda ziko usawa wa bahari. Kaunti za pwani zinazolalamikia ajira zingeanza na klabu moja na banda moja la ndege, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ikawapunguzia wanafunzi ada ya kutua na maegesho.

Kwa mzazi nina neno. Usilipe karo yote kwa mkupuo. Weka akiba kwanza, kisha mwanao aruke mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu akikaa mwezi bila kuruka atarudia masomo aliyokwisha kuyalipia. Nadharia ya hali ya hewa na sheria za anga aisome nyumbani. Uliza mita inahesabu kuanzia lini. Omba kuona kumbukumbu za ukaguzi wa ndege, na mwenyewe akisitasita kukuonyesha, mshukuru uondoke, hata kama bei yake ndiyo ya chini kabisa mjini.