Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Juzi mwenzangu mmoja alinicheka maktabani. "Nyota hulipuka mbinguni, wewe waitafuta kwenye tarakilishi! Huko si kubahatisha tu?" Nilinyamaza, lakini jibu langu ni hili.

Nyota yenye uzito unaozidi wa jua letu kama mara 8 haizimiki polepole. Kitovu chake kikishageuka chuma, hakina tena kuni za kuchoma. Hujiporomokea kwa muda usiotimia hata sekunde 1, likabaki donge lenye upana wa kilomita 20 hivi! Hayo hutendeka ndani kabisa. Nani atapanda na tochi akachungulie? Ndiyo maana wataalamu huziandika kanuni za uvutano, joto na mwendo kwa hesabu, nayo tarakilishi ikazipiga hatua kwa hatua.

Sasa sikilizeni kioja. Kwa miaka mingi nyota nyingi za tarakilishini zilikataa kulipuka! Wimbi la mlipuko lilianza vizuri, kisha likakwama. Mwaka 1966 Colgate na White walipendekeza kuwa nyutrino, chembe ndogo mno zitokazo kitovuni, ndizo zenye kubeba nguvu. Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, na mitambo iliyokuwa chini ya ardhi ikanasa nyutrino zipatazo 25. Kumbe hawakubahatisha!

Hata hivyo hesabu ziliendelea kugoma. Kwa nini? Nyota ilikuwa imechorwa mviringo kamili kama mpira. Tarakilishi zilipopata nguvu ya kuiacha itokote kama uji sufuriani, kila upande, nyota nyingi zikalipuka.

Kwa maoni yangu, kule kugoma hakukuwa hasara. Tarakilishi ilikuwa ikisema: kuna jambo mmelisahau. Anayebahatisha hana wa kumkosoa. Mwenye hesabu hukosolewa, akarekebisha.

Je, sisi? Tukipata sufuri kwenye mtihani wa fizikia, karatasi twaikunja, twasema ati somo hilo ni la wenye vichwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuificha yangu chini ya godoro. Ndugu yangu, ifungue uitazame! Palipo na alama nyekundu ndipo somo lilipo. Oksijeni unayoivuta sasa hivi, sehemu kubwa yake ilipikwa na nyota kama hizo. Waliozifahamu walianza kwa kushindwa.