Nyimbo za Kanisa na Majina ya Watunzi Wake



Katika parokia zetu, kuanzia Kifanya hadi Makambako, wimbo mpya siku hizi husafiri kwa simu. Mwalimu wa kwaya hupiga picha karatasi ya nota na kumtumia mwenzake, naye huwarudufia waimbaji. Sehemu ya juu ya karatasi ikikatika, jina la mtunzi hupotea nayo. Miaka ikipita, wimbo huitwa “wa zamani,” nasi hatujui tena ulitoka kwa nani.

Hali hii si ngeni katika Kanisa. Wimbo wa Noeli uitwao Stille Nacht ulitungwa Austria: maneno na Padre Joseph Mohr mwaka 1816, sauti na mwalimu Franz Xaver Gruber mwaka 1818. Ulivyoenea, wengi walidhani ni kazi ya wanamuziki wakubwa kama Haydn au Mozart. Mwaka 1854, Padre Mohr akiwa amekwisha kufariki, Gruber alilazimika kuandika maelezo ya asili yake. Hati ya mkono wa Padre Mohr, yenye majina ya wote wawili, ilipatikana mwaka 1995 tu.

Wapo wasemao kwamba wimbo ni sifa kwa Mungu, hivyo jina la mwanadamu halina haja. Tunaheshimu hoja hiyo, kwani wamonaki wengi walitunga bila kujitaja. Hata hivyo, tutofautishe mambo mawili. Mtunzi anayelificha jina lake mwenyewe hufanya unyenyekevu; anayelifuta jina la mwenzake humnyima haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa.

Liko pia jambo la imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, unadai maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kanisa. Wimbo usiojulikana asili yake, ukiwa na neno lenye utata, tutamwuliza nani?

Tena, historia yetu imo hatarini. Mwaka huohuo wa 1963, Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu Church Law and Bantu Music, akitafuta nafasi ya muziki wa Kibantu katika ibada. Tusipoandika majina, wajukuu wetu watadhani kila wimbo uliletwa na wamisionari, kana kwamba Waafrika walipokea tu pasipo kutoa.

Basi, tunawaomba walimu wa kwaya waandike juu ya kila nakala jina la mtunzi, mwaka na parokia. Pasipojulikana, waandike wazi “mtunzi hajulikani,” wasibuni jina. Na wanakwaya wazee waulizwe sasa, wakiwa bado pamoja nasi.