Mgrivea, Mti wa Kivuli

Mkulima atakaye kivuli upesi, na kuni juu yake, apande mgrivea. Asili yake ni Australia, nao uliletwa Kenya uwe kivuli cha kahawa na chai. Hukua upesi ajabu, lakini mbegu zake zina hila: ni nyepesi, zina mabawa, na tunda likisha kupasuka upepo huzichukua zote. Basi matunda na yachumwe yanapoanza kugeuka hudhurungi, yaanikwe juu ya nguo hata yafunguke. Miche hupandwa mvua zianzapo. Walio wengi huipanda mpakani, na ni vema, ila jirani aambiwe kwanza. Mti ukisha kuwa mrefu matawi yakatwe, kwani mahindi yaliyo chini ya kivuli kizito hayazai vizuri.