Mchepuo Usichaguliwe Barazani

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, huanza katika nyumba zetu za Unguja na Pemba mashauri ya mchepuo gani mtoto asome atakapoingia Kidato cha Tano. Mashauri yenyewe kwa kawaida ni mafupi. Mjomba hutaka daktari, baba hutaka injinia, na jirani huongeza kwamba masomo ya sanaa ni ya walioshindwa. Mtoto huulizwa mwisho, kama huulizwa. Ni nadra katika baraza hilo kupatikana mtu aliyefungua karatasi ya mtihani wa Kidato cha Sita akaona kilichomo.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu gharama ya kukosea ni kubwa, na hesabu yake iko wazi kwa kila atakaye kuitazama.

Tuichukue alama C. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania, mtahiniwa wa Kidato cha Nne hupewa C akipata maksi 45 hadi 64. Katika Kidato cha Sita, C huanzia 60. Zile maksi 45 zilizoleta furaha nyumbani, huko mbele zingeitwa E, na 35 hadi 39 ni S. Mwenye C ya 46 na mwenye C ya 63 wameandikiwa herufi moja, wakapata sifa moja ya kuendelea, lakini hawaendi safari moja. Cheti hakionyeshi tofauti yao. Anayeijua ni mwalimu aliyewafundisha, naye haulizwi.

Wapo wazee watakaosema kwamba mtoto atajitahidi na Mungu atasaidia. Tunakubali. Lakini natutazame mtoto anayemaliza mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu akiwa na E mbili na S moja. Amepata pointi 16, nayo ni Daraja la Tatu. Nyumbani hushukuriwa na majirani hualikwa. Baadaye hupeleka maombi ya chuo kikuu, akaambiwa kwamba shahada ya kwanza yataka ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo D huhesabiwa 2 na E huhesabiwa 1. Yeye anazo mbili. Hana la kufanya ila kurudi katika njia ya stashahada, njia njema na yenye heshima, ambayo angeweza kuianza mara tu baada ya Kidato cha Nne. Miaka iliyopita katikati hakuna wa kumrejeshea.

Ugumu wa mchepuo haujulikani kwa jina lake. Hesabu za Kidato cha Nne na zile za juu za Kidato cha Tano zina jina moja, lakini mwanafunzi hukutana huko na kalkulasi na namba changamano, mambo ambayo hakuyagusa katika Hesabu za kawaida alizofanyia mtihani. Tena mwalimu wa Fizikia huenda akaihitaji kalkulasi hiyo kabla mwenzake wa Hesabu hajaifikia. Aliyekuwa akifaulu kwa kukariri njia ya kutafuta jibu hujikuta ugenini. Naye anayekimbilia Fizikia, Kemia na Baiolojia ili aziepuke Hesabu, hukuta zinamngoja katika somo la nyongeza.

Na kwa upande wa sanaa sisi watu wa visiwani tuna udhaifu wetu. Kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, vijana wetu hudhani kwamba somo la Kiswahili ni lao kwa kuzaliwa. Hulichagua ili wapumzike. Kumbe huko wataulizwa fonolojia, mofolojia na uchambuzi wa sentensi, na watatakiwa kuhakiki ushairi na tamthilia kwa hoja zilizopangwa. Kusema lugha hakutoshi, kama ambavyo kula samaki hakumfanyi mtu mvuvi.

Hatusemi haya ili kuwatisha watoto. Kosa la pili, la kumtoa katika sayansi mtoto anayeiweza, nalo lipo, na aghalabu huwapata wasichana. Msichana mwenye maksi nzuri za Hesabu huambiwa kwamba masomo hayo ni mazito kwake na watu wasiojua uzito wake kwa kipimo chochote.

Kwa hiyo tuna rai. Kwanza, mwanafunzi apewe karatasi za mitihani iliyopita za kila somo analolikusudia, akae nazo na mwalimu wake wa Kidato cha Nne. Hatarajiwi kuzijibu. Atazame ni kazi ya aina gani, na kama ina hamu nayo moyo wake. Awaulize pia walioko Kidato cha Sita, lakini asiwaulize kama somo ni gumu au jepesi, maana kila mtu hujibu kwa nafsi yake. Awaulize wanatumia saa ngapi kwa wiki, na walikwama wapi.

Pili, kila skuli yenye Kidato cha Tano ibandike ukutani, kabla ya kuandikisha, matokeo ya kila somo ya miaka mitatu iliyopita, na itaje bila haya somo ambalo halina mwalimu au maabara yake haina vifaa. Matokeo ya skuli hutangazwa hadharani na Baraza, hakuna siri ndani yake. Mchepuo usio na mwalimu wa Kemia ni mgumu hata kwa mtoto hodari, na mzazi ana haki ya kulijua hilo mapema, hasa yule wa kijijini asiyekuwa na fedha za tuisheni.

Tatu, wanafunzi waruhusiwe kuhudhuria masomo ya michepuo miwili kwa wiki mbili za mwanzo, kisha wathibitishe uchaguzi wao. Tunajua wakuu wa skuli watasema kwamba hili litavuruga hesabu ya viti na ratiba. Litavuruga, kwa wiki mbili. Hivi sasa mwanafunzi anayetaka kubadili huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na ruhusa ikipatikana wenzake wameshamaliza sura tatu.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iyatolee waraka mambo haya matatu, ufike katika skuli zote za Unguja na Pemba kabla ya wanafunzi wapya wa Kidato cha Tano kuripoti.