Kahawa Nzito Si Kahawa Chungu: Chombo cha Jikoni na Hatima ya Buni Yetu

Mwezi Februari 2025 jiji la Dar es Salaam lilipokea viongozi na wataalamu wa nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa. Walijadili ajira za vijana, ufufuaji wa mashamba na hasara ya kuuza buni ghafi kisha kununua kahawa iliyosindikwa ughaibuni. Mijadala hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, lipo swali ambalo haliwezi kujibiwa na mkutano wa marais, nalo ni hili: sisi wakazi wa Kinondoni na Temeke, wa Mbezi, Tegeta, Tandika na Mbagala, tunakunywa nini asubuhi, na tunakipikia katika chombo gani? Hoja yangu ni kwamba uchaguzi wa chombo cha kupikia kahawa nyumbani ni uamuzi wa kiuchumi kabla haujawa suala la anasa. Tunaufanya vibaya kwa sababu hatujafundishwa kutofautisha kahawa nzito na kahawa chungu.

Tuanze na historia. Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa muda mrefu kabla ya ukoloni. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na buni ilitumika katika kiapo cha udugu wa kuchanjiana damu. Kahawa ilikuwa sehemu ya utu wa watu kabla ya kuwa bidhaa. Ukoloni ndio ulioigeuza kuwa zao la kusafirisha. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925 ili kutetea haki yao ya kulima na kuuza kahawa, na mwaka 1933 kikaja Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Ushirika huo uliwapa wakulima sauti na kusomesha vizazi. Lakini hata wenyewe ulijengwa juu ya dhana kwamba mnywaji yuko ng'ambo. Tukaliita "zao la biashara", na kwa miaka yote hiyo jina hilo likamaanisha zao la kunywewa na wengine.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti mauzo ya kahawa ulivunjika na bei zikaporomoka. Mkulima wa Kibosho au Mbinga hakuwa na soko la pili la kukimbilia. Wengi waligeukia ndizi, mboga na maziwa. Linganisha na Ethiopia, ambako takriban nusu ya kahawa inayovunwa hunywewa na Waethiopia wenyewe, au Brazil, ambayo inaongoza duniani kwa uzalishaji na bado ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa. Soko la nyumbani halimkingi mkulima dhidi ya kila dhoruba, ila linampa mahali pa kusimama.

Atakayepita Manzese au Tandika jioni atasema kwamba kahawa tunakunywa. Ni kweli. Muuzaji hupita na dele lake juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe, na kashata pembeni. Kijiwe cha kahawa ni bunge letu lisilo na posho: hapo bajeti huchambuliwa, Simba na Yanga hupatanishwa, na diwani hupewa alama zake. Watawala wa kale waliiogopa nguvu hiyo. Makka kahawa ilipigwa marufuku mwaka 1511, na mwaka 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza aliamuru nyumba za kahawa zifungwe, kisha akalazimika kuifuta amri yake ndani ya siku chache. Sipendekezi kijiwe kife. Lakini kikombe cha kijiwe ni kidogo, na kijiwe chenyewe, kwa desturi yetu, ni cha wanaume. Mama anayerudi kutoka sokoni Mwananyamala na binti anayejisomea mtihani hawana nafasi kwenye benchi lile. Kahawa ikibaki barazani tu, nusu ya taifa haitakuwa sehemu ya soko lake.

Ndani ya nyumba hali ni nyingine. Kahawa ya wengi ni ile ya kukoroga inayoyeyuka kikombeni. Siidharau. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba ni ushahidi kwamba tunaweza kusindika wenyewe, na kopo la Africafé limekaa katika makabati yetu kwa miongo. Tatizo liko kwenye hatua inayofuata. Kijana aliyepata ajira na kupanga nyumba Kimara anataka "mashine ya kahawa", na huko Kariakoo na mitandaoni atakutana na aina tatu.

Aina ya kwanza ni mashine ya vidonge, teknolojia ambayo Nestlé iliianza kibiashara mwaka 1986. Unapachika kidonge, unabonyeza kitufe, kikombe kinajaa. Ni rahisi na ni safi. Lakini mwenye mashine hiyo amefunga ndoa na kidonge, na kidonge kwa kawaida huja kwa meli. Buni ya Mbinga inaweza kusafiri hadi Ulaya, ikakaangwa na kufungwa huko, kisha ikarudi Mbezi kwa bei mara nyingi ya ile aliyolipwa mkulima. Tena ukali wake umeamuliwa kiwandani. Ukitaka kubadili ladha, huna budi kununua kidonge kingine.

Aina ya pili ni mashine ya umeme ya kuchuja, inayodondosha maji ya moto juu ya unga uliowekwa kwenye karatasi. Wazo la karatasi hiyo lilitoka kwa mama wa nyumbani wa Dresden, Melitta Bentz, mwaka 1908, aliyechoshwa na mashapo kikombeni. Mashine hii inapokea unga wowote, uwe wa Kilimanjaro, Mbeya au Kigoma. Ya wati 900 ikifanya kazi dakika kumi hutumia uniti 0.15 tu ya LUKU. Kasoro yake ni kile kibamba cha kuweka kahawa moto: ukiliacha birika hapo kwa saa nzima, kahawa hukauka ladha na kubaki uchungu. Na umeme ukikatika, huna kahawa.

Aina ya tatu ni vyombo vya mkono: birika la kioo lenye chujio la kusukuma, na kile kibirika cha aluminiamu cha Kiitaliano alichokitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933, mwaka uleule wa KNCU. Vyote vinapokea unga wetu. Birika la chujio linahitaji maji ya moto tu, na kibirika cha Bialetti hukaa juu ya gesi au mkaa bila malalamiko. Kwa kaya nyingi za Temeke na Kinondoni, hapa ndipo ningeshauri pesa ya kwanza iende, na tofauti ya bei itumike kununua kahawa iliyo bora.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini wengi hununua kahawa nzuri ya unga, wakaipika mara moja na kurudi kwenye chai? Kwa sababu inawatokea chungu, nao huamini kwamba uchungu ndio ukali. Lugha yetu ina maneno mawili tofauti kwa maana. Uzito hutokana na wingi wa kahawa ndani ya maji. Uchungu uliopitiliza hutokana na kukaanga hadi kuungua, kusaga laini mno, au kuchemsha kwa muda mrefu. Miaka ya 1950 mwanakemia Mmarekani Earl Lockhart aliupima mpaka huo na kuonyesha kwamba kikombe huwa kitamu pale maji yanapochukua takriban asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga. Yakizidisha hapo, yanabeba machungu.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko vitatu vya chakula vya kufuta kwa kikombe cha mililita 250. Maji yakichemka, yaache kama nusu dakika, kisha mimina na subiri dakika nne ikiwa unatumia birika la chujio. Baada ya hapo sikiliza ulimi wako, na badili jambo moja kwa wakati. Ikiwa nyepesi, ongeza unga, usiongeze dakika. Ikiwa nzito lakini tamu, ongeza maji ya moto kikombeni. Ikiwa chungu, tumia unga wa chenga kubwa zaidi au punguza muda. Ikiwa chachu, fanya kinyume chake. Apendaye nguvu ya kumkesha achanganye robusta ya Kagera, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Na tangawizi au iliki si kosa. Ni urithi wa pwani.

Atakuwapo wa kusema haya ni mambo ya mabwenyenye. Tufanye hesabu. Pakiti ya gramu 250, kwa kipimo hicho, hutoa vikombe 16 vikubwa. Gawanya bei ya pakiti yako kwa 16, kisha ilinganishe na soda moja. Kinachomzuia mwananchi wa kawaida ni kulazimika kununua pakiti nzima kwa mkupuo. Duka la Mangi huuza mafuta kwa kipimo na sukari kwa robo. Kahawa ya unga, ambayo huenda babu yake Mangi mwenyewe aliilima Rombo, ni nadra kuikuta kwa ujazo wa gramu 50.

Hapo ndipo kazi ya umma inapoanza. Wasindikaji wetu wafungashe vipimo vidogo na waandike tarehe ya kukaanga na mkoa ilikotoka buni. Bodi ya Kahawa na Shirika la Viwango waweke alama ya usafi inayoaminika, kama wenye viwanda wa Brazil walivyofanya mwaka 1989 ili kurejesha imani ya wanywaji. Na nyinyi watumishi wa umma mnaosoma hapa: katika warsha nyingi ninazohudhuria, mezani huwekwa vipakiti vya kahawa ya kuyeyuka kutoka nje, huku mada ukutani ikiwa uchumi wa viwanda. Afisa ununuzi anaweza kulirekebisha hilo bila kusubiri sheria mpya. Birika mbili za kuchuja na kilo moja ya kahawa ya Mbinga zinatosha kwa washiriki sitini.