Si Upungufu wa Imani

Iko itikadi iliyoenea mijini na mashamba, nayo hutolewa kwa sura ya nasaha, ya kwamba mwenye sonona akishikwa na malaria, kisha homa ikamtoka naye akabaki kitandani hana raghba ya chakula wala mazungumzo, basi huyo anajidekeza, au imani yake ni haba. Huambiwa hivyo na wale wale wampendao: "Jikaze, mwenzio aliugua kama wewe na jana kenda kazini." Nasema bila kuuma maneno kwamba itikadi hii ni batili, tena inadhuru.

Mtazameni mgonjwa huyo kwa karibu. Vimelea havionekani tena katika damu, paji la uso limepoa, dozi ya dawa mseto imekwisha. Lakini bakuli la uji kando yake limefanya utando, naye kageukia ukuta. Watu wa nyumbani huhukumu kwamba mwili umepona na kilichosalia ni hiari yake, wasijue kwamba mwili unapopigana na maradhi hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo athari yake hufika hata ubongoni, ikapunguza hamu, ikavuruga usingizi na kuondoa ladha ya mambo yapendezayo. Kila mgonjwa huipata hali hiyo kwa kadiri yake, ila aliyekwisha kuonja sonona, homa ndogo yaweza kumrejesha alikotoka kwa taabu. Madaktari waliotibu homa ya ini aina ya C kwa interferoni, iliyo katika jamii ya kemikali hizo, waliona wagonjwa si wachache wakiingia katika sonona kwa sababu ya dawa yenyewe. Je, sindano hupunguza imani ya mtu?

Wala elimu hii si bidaa ya leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba kimoja kikiugua chaweza kukiuguza cha pili, na kwamba iko huzuni isiyo na sababu ijulikanayo ambayo asili yake ni mwilini. Na Nabii Yakubu alihuzunika hata macho yakamwia meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba?

Kumwambia mgonjwa ajikaze ni kumtwika aibu juu ya maradhi mawili. Wajibu wetu ni kumweleza tabibu habari ya sonona yake tangu siku ya kwanza ya homa, kutomwachisha dawa zake pasipo amri ya tabibu, na kuendelea kumwangalia hata baada ya homa kuondoka. Na akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali saa ile ile. Naye daktari aonaye sonona inazidi, na apime damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na ulegevu wa tezi hiyo huweza kuizidisha, na vyote viwili vina tiba.