Mguu Upumzike, Mwili Usilale

Wengi tunamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968, akafungwa bendeji na kumaliza wa mwisho. Ushujaa ule ulikuwa wa siku moja, kwa ajili ya taifa. Wewe unayekimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini huna sababu ya kuuiga. Mguu huo ndio unaokusimamisha kazini na kukurudisha kwa watoto.

Msuli wa kigimbi ukichanika, huhitaji majuma kadhaa kuunga. Ikiwa huwezi kuukanyagia mguu, nenda hospitali kwanza.

Lakini kupumzisha mguu si kuulaza mwili, kwani pumzi hupungua upesi kwa asiyejishughulisha. Maumivu yakitulia, endesha baiskeli taratibu penye tambarare. Ogelea, au tembea ndani ya maji ya kifuani, ambayo hupunguza uzito unaoulemea mguu. Nyumbani, nyosha mikono na kaza misuli ya tumbo. Zoezi lolote linaloamsha maumivu, liache.

Ukiweza kutembea dakika 30 bila kuumia, kimbia dakika 1, tembea 2, ukirudia mara chache. Mguu ukiuma asubuhi ya pili, punguza.

Akhwari mwenyewe alirudi: mwaka 1970, mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwenda pole hajikwai.